Mpaka Aitikie

"Bado umo!" Zahara alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta. "Hajji, bado umo ndani ya redio yangu!"

Hajji Hamdun aliachia kitufe cha maiki, akamtazama Okullo. Mwenzake alikuwa amelala chali chini ya meza, bisibisi mdomoni. Walikwisha kuweka kichujio kipya, wakabadilisha waya wa antena, wakachimbia nondo nyingine nje ya dirisha ili umeme wa ziada uingie ardhini. Kazi bure.

Mtambo ulipaswa kurusha sauti kwenye mawimbi mafupi, njia ile moja iliyotajwa kwenye leseni. Badala yake sauti ilivuja, ikaibukia kwenye redio za watu katikati ya muziki na taarifa ya habari, ikikwaruza kama ya mtu anayeongea ndani ya debe. Zahara alivumilia kwa ujirani. Lakini bwana mmoja wa Kyebando, huko ng'ambo ya mji, alikwenda kushtaki. Alisema kila jioni sauti ya mzee inaingia jikoni kwake, na tangu ianze kuingia chakula kinaungua. Watu wa leseni walicheka sana, kisha wakampa Hajji mpaka Ijumaa. Sauti isafishwe, au mtambo ufungwe.

"Chakula kuungua ni kosa ya mpishi," Okullo alinung'unika. "Redio haipiki."

Hajji hakucheka. Mtambo ukifungwa, atamwita Naila kwa njia gani?

Naila alikuwa binti yake wa pekee. Alipotaka kuolewa na Jasper, kijana wa polisi, Mkristo kutoka kaskazini, Hajji alimfukuza mbele ya watu. "Usikanyage hapa mpaka usikie neno 'rudi' kwa mdomo wangu mwenyewe!" Naila naye ni mtoto wa baba yake, aliondoka bila kugeuka nyuma. Baadaye zikaja habari kwamba wakala amempatia kazi za ndani huko Muscat. Namba yake ya simu ikafa. Majuto ni mjukuu, na kwa Hajji yalikuja yakahamia kabisa.

Lakini binti huyo alikulia pembeni mwa meza hii. Aliijua saa ya baba yake ya kukaa redioni, na mawimbi yake aliyajua. Basi kila jioni Hajji alielekeza antena Uarabuni, akaita: "Naila, Naila, Naila. Hapa ni baba, nyumbani Kibuli. Unanisikia? Jibu." Akaachia kitufe, akasikiliza mvumo mtupu. Kisha akaita tena.

"Hajji, mbona unaita jina tu?" Okullo aliuliza, akijikongoja kutoka chini ya meza. "Sema hiyo maneno yako iishe. Mwambie arudi."

"Afande, wewe ulikuwa mtu wa redio huko polisi. Ulipata kutoa ujumbe kwa kituo ambacho hakijaitika?"

Okullo alijikuna kichwa. "Hapana, ssebo. Lazima aitike kwanza."

"Basi. Akiitika nitamwambia. Neno lenyewe siwezi kulitupa hewani kama ganda la ndizi."

Hilo ndilo alilolisema. Ukweli ni kwamba aliogopa. Neno lile lilikuwa limebaki moja tu kifuani mwake, na hakutaka liende kupotelea pasipo na mtu.

Alhamisi walijaribu mara ya mwisho, bila matumaini. Waliutenganisha mtambo na antena, wakaufunga kwenye kifaa kinachomeza nguvu yote bila kuirusha hewani. Hajji aliita. Zahara akasema redio yake iko kimya. Kumbe mtambo ni mzima. Mchawi yuko juu ya paa.

Okullo, na magoti yake mabovu, alipanda ngazi huku akimlaani kila aliyewahi kugundua redio. Kwenye mlingoti ule ule wa Hajji palikuwa na antena ya zamani ya televisheni, iliyosahaulika tangu watu waanze kutumia ving'amuzi. Viungo vyake vilikuwa vimeliwa na kutu.

"Hii ndiyo mwizi!" alipiga kelele. "Kutu inashika sauti yako, inaiharibu, halafu antena inaitupa huko!" Alinyoosha mkono kaskazini, juu ya kilima cha Kololo. "Mpaka Kyebando!"

Akaikata. Hajji akarudisha waya wa antena, akaita.

"Umetoka!" Zahara alishangilia. "Hajji, umetoka kabisa!"

Ijumaa mtambo ulipimwa, ukapita. Hajji alirudi mezani na sauti yake safi, inayokwenda njia moja bila kumwagika, na kwa mara ya kwanza aliamini kwamba Muscat wanamsikia. Alimwita Naila jioni ile, na jioni zilizofuata. Mvumo ulikuwa ule ule.

Wiki ilipokwisha, Okullo alikwenda Kyebando kuhakikisha kwamba yule mlalamikaji ameridhika. Aliporudi alikaa bila kuvua kofia.

"Hajji, yule bwana ni Jasper."

Hajji alishika ukingo wa meza.

"Mke wake ni Naila. Hakuwa Muscat. Kila jioni alikuwa anakaa na ile redio ya jikoni, anangoja umalize kuita jina, useme 'rudi'. Redio ikanyamaza. Akangoja, akangoja, halafu akasema, basi, hata baba amechoka kuniita." Okullo alivua kofia. "Ile kazi ya Muscat alikuwa anaikataa siku zote. Jana amepanda ndege."