Gari Tupu Iliyo Karibu na Kabiro

Madereva wanne walisema kwa pamoja, na kilichotoka kwenye spika ya ofisi kilikuwa mlio mmoja tu, kama mabati yanayoburutwa juu ya mawe.

Kageha akabonyeza kitufe cha maikrofoni. "Rudieni. Mmoja mmoja."

Wote wanne wakarudia. Kwa pamoja tena.

Ilikuwa mwaka wa 1979. Muigai alikuwa na teksi tisa, ofisi yake iko Kabiro, Kawangware, na miezi miwili iliyopita alikuwa amezifungia zote redio za kuitana. Zilitumia masafa mamoja. Akiongea mmoja, wote walimsikia. Wakiongea wawili, hakusikika hata mmoja. Wiki hiyo mteja wa mtaa wa Lindi alingoja saa mbili, na mwingine wa Kisumu Ndogo akafikiwa na teksi tatu.

"Jumamosi nazing'oa," Muigai alisema. "Na bila redio, mtu wa redio ni wa nini?"

"Nipe mpaka Jumamosi saa sita, mzee," Kageha akasema. "Mwezi ujao naenda likizo. Nataka niache kazi imekaa sawa."

Ijumaa mchana Kageha aliwakusanya madereva kwenye kibanda cha chai.

"Mtaongea kwa zamu, gari ya kwanza mpaka ya tisa. Unasema uko wapi, na kama uko na mtu. Basi. Tisa akimaliza, naongea mimi."

"Na kama sina neno?" Omolo, dereva wa gari la pili, akauliza. "Si nitapotezea wenzangu wakati?"

"Sema 'pita'. Anayefuata anaingia hapo hapo."

Murunga, wa gari la saba, akacheka. "Dada, hata kwaya yetu haina nidhamu hiyo."

Jumamosi walianza saa tatu asubuhi. Raundi ya kwanza Omolo alimkatiza mwenzake. Ya pili, watatu waligongana wakaanza kutukanana. Lakini kufikia saa nne mambo yalikuwa yamenyooka.

"Moja, Lindi, niko na mtu."

"Mbili, pita."

"Tatu, pita."

"Nne, Kisumu Ndogo, mtupu."

Raundi nzima ilikwisha Muigai akiwa bado anapuliza chai yake. Zamani, kumpata dereva mmoja tu kulichukua robo saa.

Saa tano ilipopita, simu ya wateja ilinyamaza. Kageha alikuwa anatokwa na jasho. Mara mbili alikwama katikati ya neno, akashika ukingo wa meza, kisha akaendelea.

"Usiogope hivyo," Muigai akamwambia, macho yake kwenye saa ya ukutani. "Mpaka sasa umefaulu."

"Siogopi, mzee."

Akangoja gari la tisa limalize. Hakumkatiza mtu.

"Ofisi hapa. Kuna mtu wa kupelekwa hospitali, na ni haraka. Nataka gari tupu iliyo karibu na Kabiro. Anzeni."

"Moja, pita."

Pita zikafuatana hadi ya sita.

"Saba, niko hapa soko ya Kawangware. Mtupu. Nakuja!"

"Nane, pita."

"Tisa, pita. Mungu awe naye."

Muigai alikuwa amehesabu: sekunde ishirini na mbili. Akapiga meza kwa furaha, chai ikamwagika. "Redio zinabaki! Na wewe Kageha, unabaki!"

Dakika tatu baadaye Murunga alifunga breki mlangoni, akaingia mbio. Akaangalia huku na huku. Ofisini hapakuwa na mtu mwingine.

"Mgonjwa ako wapi?"

Kageha alimkabidhi Muigai maikrofoni, akasimama polepole huku amejishika tumbo kwa mikono miwili.

"Nishike mkono, Murunga," alisema, "na uendeshe kama mtu mwenye akili. Huyu mtoto nataka azaliwe hospitali, si kwa gari yako."