Bitana ya Nyuma

"Hapa nyuma weka kitambaa cha jinzi, fundi. Mara mbili. Ila kwa nje kisionekane."

Bi Futi aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Watoto wa mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Alikuwa ameshona sare za shule miaka mingi, lakini sketi yenye bitana nene makalioni hakuwahi kuombwa.

"Kwani siku hizi mnakalia misumari?" alitania.

Msichana hakucheka. Futi ilipomgusa kiunoni aliruka kama aliyeunguzwa. Bi Futi akamgeuza taratibu, akaipandisha blauzi kidogo nyuma, akaona michirizi iliyovimba, mingine bado mibichi.

"Nani?"

"Mwalimu mpya wa hesabu. Na baada ya mapumziko anachapa waliofeli jaribio. Mimi nimo."

"Yule mrefu, wa miwani?"

"Huyo huyo. Shona basi, fundi, kengele italia sasa hivi."

Bi Futi hakushona. Hasira ilimpanda. Alifunga kibanda, wateja watajijua wenyewe, akamshika msichana mkono. Liwalo na liwe.

Getini mlinzi aliwazuia. "Siku ya wazazi ni Ijumaa. Kwani wewe ni mzazi?"

"Ndiyo, mzazi."

"Wa huyu?"

"Fungua geti, mwanangu. Au unataka niruke ukuta na umri huu?"

Msichana aliinamisha uso asije akacheka. Mlinzi akafungua. Papo hapo kengele ikalia, na msichana akachomoa mkono wake, akatimua mbio kuelekea darasani. Kuchelewa nako kulikuwa na fimbo zake.

Bi Futi alimfuata, lakini barazani alikutana na makamu wa mkuu wa shule, mtu wa kitambi na tabasamu la kukodi. Alimweleza alichokiona. Makamu alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa upole.

"Mama yangu, wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Wahenga hawakuiona ile michirizi. Mimi nimelea mmoja, peke yangu, na sikuwahi kumnyanyulia hata ufagio. Majirani walinicheka mpaka wakachoka wenyewe."

"Na huyo wako amekuwa nani?"

Bi Futi aligeuza macho kuelekea madarasani. Kutoka darasa la mwisho ilisikika fimbo ikitua, kisha kilio. Alimsukuma makamu kwa bega, kitambi na vyote, akaenda.

Mvulana mmoja alikuwa sakafuni akijifuta machozi. Msichana wa sketi alikuwa ameinama mbele ya ubao, ameshika meza kwa mikono miwili, na fimbo ilikuwa tayari hewani. Bi Futi aliingia kati. Aliogopa, tena sana, ila miguu yake haikurudi nyuma.

"Huyu hapigwi," alisema. "Wala yule. Wala mwingine yeyote humu ndani. Kama mkono unakuwasha, anza na mimi."

Makamu alifika mlangoni akihema.

"Mwalimu, mtoe huyo mama nje!"

Mwalimu hakusogea. Fimbo ilishuka polepole mpaka ikagusa sakafu. Miwani ilikuwa imemteleza hadi ncha ya pua, na hakuthubutu kuipandisha.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "si ungesubiri nirudi nyumbani?"