Maji ya Melita

Matangi ya maji ya mvua ya Tamuri, kisiwa kidogo katikati ya Pasifiki, yalitosha watu mia tatu tu. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: akizaliwa mtu, mwingine lazima ahame.

Selepa alipokaribia kujifungua, jirani yake Melita, mjane wa miaka sabini, alijitolea kuondoka.

"Mama, nitakushukuruje?" Selepa alilia.

"Mwogeshe mtoto vizuri. Maji yangu hayo."

Mtoto akaitwa Melita. Kila asubuhi Selepa alimwogesha huku akimshukuru yule mama kwa sauti.

Siku moja wifi yake alikuja akicheka, akasema ana mimba. Selepa alimkumbatia kwa furaha ya kweli.

Mama mkwe wa Selepa, aliyekuwa ameketi kando, akaweka chini mkeka aliokuwa akisuka. "Hongera, mwanangu," alimwambia bintiye. "Basi safari hii ni zamu yangu."

Hakuna aliyembishia.