Jina la Nyundo Ubaoni

Foleni ilishafika kwa muuza mihogo Siwema alipotoka kwenye banda lake la video na kitambaa kilicholowa, akausogelea ubao wa chaki pale mlangoni. Pambano la ngumi na mateke alishalilipia kwenye king'amuzi, na sasa hivi waandaaji wametangaza kwamba mpiganaji Nyundo ameumia goti, hapigani.

"Dada Siwema, usifute!" Mbwego, mteja wake wa kila pambano, alimnong'oneza. "Waingie kwanza."

"Wakishaingia, viti vyangu vitapona?"

Akalifuta jina la Nyundo, akaandika kwa chaki la mpiganaji aliyechukua nafasi yake. Foleni ikaguna, ikasambaratika. Mbwego naye akaondoka.

Jua likaukausha ubao. Jina la Nyundo likarudi polepole, jeupe, kubwa kuliko lile jipya. Kule barabarani watu wakaanza kugeuka na kurudi.

Mkononi mwa Siwema, kitambaa kilikuwa bado kinadondosha maji.