Wanja kwenye Swichi ya Hita

Marhoon alitoka bafuni akirukaruka, uso umemwiva kama kamba wa kuchemshwa.

"Nani tena kawasha hita?"

Muscat, mwezi wa saba, hita haiwashwi. Tangi la juu ya paa linachemka kwa jua, bomba la baridi linababua. Basi watu huizima hita, maji yakapoa humo ndani, wakaogea bomba jekundu, la hita. Kila mtoto analijua hilo. Isipokuwa, walisema, Nawar, mke wa Aflah, aliyeletwa kutoka Unguja juzi tu.

Fundi wa Wadi Kabir alishaifungua hita akaifunga. "Nzima hii. Kuna mtu anaiwasha alfajiri."

Mkali kuliko wote alikuwa Bi Khole, bibi yao kina Aflah na Marhoon. "Nnakwambia wewe mtoto, mara nyengine utarudi kwenu!"

"Nisamehe, bibi," alisema Nawar, kichwa chini. Akapanda paani kumwanikia shuka. Siku hizi Bi Khole hataki shuka zake ziguswe na mashine, ati zinachakaa. Anafua mwenyewe, kwa mkono, kabla watu hawajaamka.

Jioni Marhoon, ambaye hajapata kuuona utani akaupita, aliipaka swichi ya hita wanja. Hakumwambia mtu. Asubuhi akawakusanya sebuleni.

"Haya, nyosheni mikono! Leo kanasa mtu."

Nawar alitoka jikoni na birika la kahawa. Hakungoja zamu yake.

"Ni mimi, shemeji."

Vidole vyote vitano, vyeusi tititi.

"Vyote? Ulibonyeza swichi au uliikumbatia?"

Kicheko kikavuma. Aflah hakucheka, alikuwa akihesabu maua ya zulia. Nawar naye machozi yalimlengalenga, na Marhoon akaona utani wake umevuka mpaka.

"Lakini ndo kashasema, bibi," alijaribu kuokoa jahazi. "Mara hii msamehe. Au kweli unamrudisha kwao?"

Wote wakamgeukia Bi Khole. Bi Khole, mwenye maneno ya kujaza mtaa mzima wa Qurum, akaivuta kanga akajifunika.

Nawar akapiga magoti, akammiminia kahawa, akamnyooshea finjani.

Bi Khole, aliyemlea Marhoon kwa makofi kila alipopokea kitu kwa mkono wa kushoto, akaipokea kwa kushoto. Wa kulia haukutoka ndani ya kanga.