Chumba Namba Kumi na Nne

Makumbusho ya chuo kikuu siku hizi hayana jengo. Kila kitu kilirudishwa kilikotoka, na kila boma lililopokea likawa chumba cha maonyesho. Sisi ni chumba namba kumi na nne.

Kigango cha babu, yaani mti uliochongwa kwa ajili yake alipofariki, kinasimama uani ndani ya sanduku la kioo. Kwetu kigango huachiwa jua, mvua na mchwa mpaka kiishe, ndipo marehemu apumzike. Cha babu kimepigwa dawa. Baba anasema babu humjia ndotoni, analalamika miguu inamuuma kwa kusimama.

Jumatatu baba alitoboa kioo akamimina mchwa kopo zima. Kesho yake Bi Nekesa, mkaguzi kutoka chuoni, aliwakuta wamekufa wote.

“Mila zenu tunaziheshimu, mzee,” alisema kwa upole. “Ndiyo maana tulikirudisha.”

Baba akanigeukia. “Kadzo, mimi nikifa msinichongee kitu.”

Bi Nekesa aliyaandika maneno hayo, akamshukuru. Kisha akatoa futi, akapima nafasi iliyobaki kando ya babu.