Shada Jekundu

Chuma kilikuwa ndani ya mkono wa koti, na Thadei hakuweza kukunja kiwiko. Jua la Julai lilikuwa linaichoma Walthamstow, huku London, vijana wako vifua wazi mtaa mzima, yeye peke yake kavaa koti zito.

Miezi mitatu alikuwa akimtafuta mkewe. Lilian alitoroka nyumbani kwao Peckham na taya lililofungwa waya, bila kuaga, na huko kutoaga ndiko kulikomkereketa Thadei. Juzi akamwona kwenye video ya kutangaza tamasha la leo la ngoma za mataifa: kavaa sketi ya majani, anacheza ngoma ya Hawaii, anacheka. Kwa taya lile lile!

Alipofika langoni mwa tamasha, simu ikaita. Ni Lusajo, rafiki yake.

"Leo Lilian namvunja miguu yote miwili," Thadei alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kama tunavyofanya sote kwenye mabasi ya huku. "Tuone atakatika vipi."

"We mwehu, watu si watasikia?"

"Wasikie nini? Wajapani wakianza yale mangoma yao, hata bomu hulisikii. Namvizia nyuma ya jukwaa, nammaliza, naondoka zangu."

Akakata simu. Mbele yake mama mmoja wa Kihindi, mwenye mvi, alikuwa akiwavisha wageni mashada ya maua, desturi ya Wahawaii. Alimtazama Thadei kidogo, akaweka pembeni shada jeupe alilokuwa ameshika, akainama chini ya meza na kutoa jekundu.

"Welcome, my dear," alisema akimvisha. "Special one, for you."

Thadei akapita akijidai. Kila shingo ilikuwa na maua meupe. Mekundu alikuwa nayo yeye tu. Mgeni rasmi, alijisemea, akacheka peke yake.

Ngoma zikalipuka. Vioo vya maduka vikatikisika, watoto wakaziba masikio. Thadei akazunguka nyuma ya jukwaa, akapenya pazia, moyo unamwenda mbio kwa ile hasira tamu aliyoizoea.

Lilian alikuwa amekaa kwenye kiti, kampa mgongo. Hakugeuka. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, na Thadei alifurahi kuyaona. Akachomoa chuma, akakiinua.

Pigo likamshukia kwenye kiwiko. Mfupa ukalia, chuma kikadondoka. Akageuka akiwa ameukumbatia mkono. Walikuwa wachezaji wenzake Lilian, sketi za majani viunoni, kila mmoja kashika gongo la kupigia ngoma, na wote wanayatazama maua ya shingoni mwake.

Nyuma yao yule mama wa Kihindi alikuwa akilifunga pazia, taratibu.

"Karibu, shemeji," alisema, kwa Kiswahili safi cha Mwanza. "Lia utakavyo. Hapa hata bomu hulisikii."